Bustani ndani ya ukocha wa afya kwa wenye presha na kisukari: nipangeje wiki 12?

kocha_tabata

Wadau, habari za leo. Naomba ushauri wa watu wa kilimo na watu wa afya kwa pamoja, maana ukiuliza upande mmoja unapata nusu ya jibu.

Nasimamia kikundi cha watu 12 hapa Dar, umri miaka 45 hadi 68. Wote wana presha au kisukari cha aina ya pili, wengine vyote viwili. Wawili wanachoma insulini, mmoja anatembelea mkongojo. Kazi yangu ni ukocha wa afya: chakula, mwendo, usingizi, kumeza dawa kama walivyoandikiwa. Sitibu mtu wala sigusi dozi. Kwa sasa tunakutana ukumbini kila Jumamosi asubuhi: watu wanasikiliza, wanaitikia, wanarudi nyumbani na maisha yanaendelea yaleyale. Nataka kuhamishia vikao bustanini kwa wiki 12, kuanzia mwanzoni mwa vuli.

Uwanja upo, mita 10 kwa 20. Una kisima kirefu ila maji yana chumvi kidogo. Ule upande mfupi wa mita 10 unapakana na barabara ya lami yenye magari mengi.

Ninachotaka kujua:

1. Nipande nini, kiasi gani, ili mboga zionekane kwenye sahani za watu na zisiishie kuwa pambo?
2. Mgonjwa wa presha au sukari afanye kazi gani bustanini na asifanye ipi?
3. Kikao chenyewe kiendeshwe vipi ili kibaki kuwa ukocha, kisigeuke kibarua cha shamba?

---

bwanashamba_moro

Dada, hesabu yako ianzie kwenye sahani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Tuseme mafungu mawili yawe majani ya bustanini: gramu 160 kwa mtu. Nyumba ya watu watano inahitaji gramu 800 kwa siku, kilo 5.6 kwa wiki. Mchicha wa kung'oa kwenye udongo ulioshiba samadi uukadirie kilo 1.5 kwa mita ya mraba kwa mkupuo mmoja wa wiki nne. Kwa hiyo kila wiki unavuna karibu mita 4 za mraba. Kila tuta likikaa na mazao wiki nne, ukaongeza siku chache za kulitengeneza upya, familia moja inataka matuta matano ya mita 1 kwa 4, moja linasiwa kila wiki. Hizo ni mita 20 za mraba.

Uwanja wako una mita 200. Ukitoa njia, kivuli, sehemu ya kukaa na ule ukanda wa barabarani, zinabaki kama 100 za kulima. Hazilishi familia 12. Waambie ukweli huo siku ya kwanza: uwanja ni mahali pa kujifunzia na kufanyia kikao, mboga ya kila siku itatoka nyumbani kwa kila mtu, kwenye magunia ya udongo yaliyopandwa mboga ubavuni. Kikundi kinaweza kuvunjika katikati watu wakiwa wameahidiwa kwamba gunia moja linalisha nyumba. Pima mwenyewe: gunia lenye miche 30 ya sukuma wiki, kila mche ukachumwa majani mawili kwa wiki, jani gramu 20 hivi, unapata kilo 1.2. Ni mboga nzuri ya siku moja na nusu kwa watu watano. Kwa nyumba ya namna hiyo taja magunia manne au matano.

Gunia linajengwa hivi. Chukua gunia la sandarusi la kilo 100. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za samadi iliyooza na ndoo 1 ya mchanga. Udongo wenu ukiwa wa kichanga tayari, acha mchanga, ongeza samadi. Weka katikati kopo pana lisilo na kitako, lijaze kokoto ndogo, zungushia udongo nje yake, livute juu, ujaze tena mpaka ufike mdomoni. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayopeleka maji chini. Kokoto zikiwa kubwa maji yanashuka moja kwa moja: chini kunaoza, ubavuni kunakauka. Pasua mikato ya sentimita 5 ubavuni, umbali wa sentimita 20, kwa kupishana. Kisha mwagilia wiki nzima KABLA ya kupandikiza. Watu wanaruka hatua hii. Udongo mpya unashuka kiganja kizima, na mche uliopandwa siku ileile unakatika mizizi pale kwenye mkato.

Samadi ya kuku mbichi usiiingize kabisa. Inaunguza miche na inabeba vimelea vya kuharisha. Irundike, iloweshe, igeuze, iache miezi mitatu. Ikiwa bado inanuka mkojo au ukiichimba kati ina joto, haijaiva.

Maji ya chumvi: spinachi ile ya bua jeupe, mchicha na sukuma vinavumilia. Maharage, karoti, vitunguu na hoho vitakusumbua mapema, ncha za majani zinaungua na mmea unadumaa. Kosa la kawaida ni kunyunyizia kidogo kidogo kila jioni. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu, baada ya muda unaona ukoko mweupe. Mwagilia kwa wingi mpaka yapite mizizi, mwaga kwenye shina badala ya majani, na mvua za vuli ziache zioshe matuta. Tandaza nyasi kavu juu ili yasikauke haraka.

Barabara: acha mita 10 za mwanzo bila mboga. Weka ua mnene wa mimea, nyuma yake maua, njia ya kutembelea na viti. Majani mapana yanakamata vumbi la magari, na kuosha hakuondoi madini ambayo mmea umeshanyonya kwenye udongo. Watafiti waliopima mboga za bonde la Msimbazi wamekuta madini mazito, risasi ikiwemo, na wale mnaowalisha ni watu ambao figo zao zina kazi ya kutosha. Udongo wa kujazia usitoke gereji, dampo wala kando ya mto unaopokea maji ya viwandani.

Kalenda: kitalu cha sukuma kianze wiki nne kabla ya programu, ili kikao cha kwanza watu wapandikize miche badala ya kutazama mbegu. Siku hiyohiyo wasie mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanya gramu 2 na viganja viwili vya mchanga mkavu kwa kila mita ya mraba, funika nusu sentimita tu. Unaota siku ya tatu hadi ya tano, kwa hiyo Jumamosi ya pili kila mtu anakuta kitu. Usipoota, mara nyingi ni sisimizi wamebeba mbegu au umefukia mno. Matembele ni rahisi kuliko yote: kipande cha sentimita 25, fukia vifundo vitatu, wiki ya tano unachuma.

---

nesi_wa_kliniki

Naongeza upande wa usalama, na naomba usome yote kabla ya kununua jembe.

Kabla ya kikao cha kwanza kila mtu alete kadi yake ya kliniki. Andika dawa zake zote. Hiyo ndiyo karatasi itakayokuambia nani wa kumwangalia zaidi.

Presha. Pima kabla ya kazi, akiwa amekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, hajavuta sigara wala kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, chukua wastani. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, hafanyi kazi siku hiyo na anaelekezwa kituoni. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, hiyo ni dharura, anapelekwa palepale. Namba za mtu zisisomwe kwa sauti mbele ya wenzake.

Kinachopandisha presha ghafla bustanini ni kubana pumzi: kuinua ndoo iliyojaa, kupiga jembe kwenye ardhi ngumu, kung'oa kisiki. Wafundishe kutoa pumzi wakati wa kuinua. Keni ya lita 10 ikijaa ni zaidi ya kilo 10. Wajaze nusu, wabebe mbili, moja kila mkono. Matuta magumu mtafutieni kijana ayachimbe kabla. Upande wa pili ni kushuka kwa presha mtu anaposimama ghafla baada ya kuchuchumaa, hasa anayetumia dawa za kukojosha. Kigoda kitatue hilo: apalilie amekaa, akitaka kunyanyuka ahesabu mpaka kumi kwanza.

Sukari. Wa kuangaliwa sana ni hao wawili wa insulini na yeyote anayetumia vidonge vya kisukari vya glibenclamide au vya kundi lake, maana vinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Anayetumia metformin peke yake hatari yake ya kushuka ni ndogo. Hao wa kundi la kwanza wapime kabla ya kuanza. Chini ya 5 mmol/L, ale kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga, mfano ndizi mbivu ya wastani, ndipo ashike kazi. Juu ya 13.9 na hajisikii vizuri, apumzike na awasiliane na kliniki. Sindano iliyochomwa pajani au mkononi, kisha mtu akaanza kulima mara moja, inaweza kufanya kazi haraka kuliko kawaida.

Ikishuka chini ya 4: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikipanda, ale chakula cha kawaida. Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Sukari na maji vikae mezani bustanini, visiwe kwenye gari la mtu. Na kuna mtego mmoja: wanaotumia vidonge vya presha vya atenolol au propranolol wanaweza wasihisi moyo kwenda mbio wala kutetemeka sukari ikishuka. Jasho linabaki, lakini kwenye jua la Dar kila mtu ana jasho. Hao uwapime hata kama wanasema wako sawa.

Miguu. Hakuna kandambili, hakuna peku. Mwenye ganzi ya miguu anaweza kumaliza kikao akiwa na mwiba uliozama na asijue. Viatu vya kufunika, soksi, kila mtu akung'ute kiatu kabla ya kuvaa. Kazi ikiisha waoshe miguu, wakaushe katikati ya vidole, wakague nyayo kwa kioo kidogo au mwenzake amkague. Malengelenge yoyote yanaandikwa na yanafuatiliwa Jumatatu, hayasubiri Jumamosi nyingine. Chanjo ya pepopunda iulizwe kwa kila mmoja. Udongo wa samadi ndipo vijidudu vyake vinapokaa.

Muda: saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Kuanzia saa 4 jua si la mgonjwa. Na asiruke dawa wala kifungua kinywa eti anawahi bustani.

---

mboga_na_maisha

Naingia kwenye swali la tatu, maana hapo ndipo programu nyingi za namna hii zinapopotea. Zinakuwa darasa la kilimo lenye mashine ya presha pembeni.

Kikao cha dakika 75 kigawanywe hivi: dakika 15 za vipimo na salamu, 30 za kazi, 20 za mazungumzo mkiwa bado mmeshika kitu mkononi, 10 za mpango wa wiki. Hayo mazungumzo usiyahamishie kwenye viti vya duara. Watu wawili wanaopalilia tuta moja, macho yako kwenye majani, wanaambiana mambo ambayo ana kwa ana wangeyameza: kwamba dawa imeisha tangu Jumanne, kwamba nyumbani anayepika ni mkwe na chumvi haiko mikononi mwake. Kazi yako wakati huo ni kuuliza maswali yaliyo wazi na kunyamaza. "Mchicha wa wiki iliyopita uliishia wapi?" linakupa mengi kuliko "Ulikula mboga?" ambalo jibu lake ni ndiyo, kila mara.

Mpango wa wiki uutoe mdomoni mwake, wewe usimwandikie. Aseme atafanya nini, siku gani, saa ngapi, nani atamsaidia. Kisha muulize: kutoka 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani utafanya? Akisema 5, usimhimize, punguzeni lengo mpaka afike 7 au zaidi. "Nitatembea kila siku" linakuwa "Nitamwagilia magunia yangu asubuhi kabla ya chai, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Lengo la dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki linafikika hivyo kwa vipande, ila hesabu kwa uaminifu: kupalilia umekaa si mwendo wa wastani. Kuchota maji, kusukuma toroli na kutembea kwa haraka ndivyo vinavyohesabiwa. Kipimo chake: anaweza kuongea lakini hawezi kuimba.

Mpe kila mtu tuta lake la mita 1 kwa 2 lenye jina lake, na aamue mwenyewe apande nini kati ya mbili tatu zinazowezekana. Tuta la wote halina mwenyewe. Mche ukinyauka, usimkimbilie kumwokolea. Muulize anaona nini, anadhani sababu ni ipi, atajaribu nini. Uwezo huohuo wa kusoma dalili na kurekebisha ndio atakaouhitaji akisoma daftari lake la sukari.

Mwenye mkongojo: tuta la kuinuliwa la sentimita 70, upana sentimita 60 kama anafikia kutoka upande mmoja, 120 kama ni pande zote mbili. Njia upana wa mita 1.2, udongo ulioshindiliwa, si kokoto. Ukimpa kazi ya kuandika rekodi kwa sababu tu ya mguu wake, umemtoa kwenye bustani.

Usiahidi kwamba bustani inashusha presha. Utafiti wa Roger Ulrich wa 1984, uliolinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, uliona waliotazama miti dirishani waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta. Ule wa Uingereza wa 2019 ulihusisha dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili na afya bora, bila kuthibitisha kwamba kimoja ndicho kimeleta kingine. Vinatosha kukufanya uweke benchi linalotazama majani na kuwaacha watu wakae pale dakika kumi kimya. Havitoshi kumwambia mtu aache vidonge.

---

jiko_la_kiasi

Mmesahau jikoni, na hapo ndipo mboga inapoharibikiwa. Kikao cha wiki ya tano, mavuno ya kwanza, leteni jiko na mpike palepale. Chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai cha kufuta, na hiyo ni pamoja na ya kwenye mkate, dagaa na vile vidonge vya mchuzi. Pimeni mbele ya watu: wekeni kwenye sahani chumvi wanayotia kawaida kwenye sufuria ya mboga, igawanyeni kwa idadi ya walaji. Wanaona wenyewe.

Kwa kilo 1 ya mchicha vijiko viwili vya chakula vya mafuta vinatosha, kitunguu kimoja, nyanya mbili, ndimu ikamuliwe mwishoni baada ya kuepua, kisha ndipo uonje kama unahitaji chumvi. Mara nyingi nusu kijiko cha chai kinatosha sufuria nzima. Osha majani kabla ya kukata, si baada. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri bila mfuniko, maana kibichi kina sumu ya sianidi.

---

kocha_tabata

Asanteni sana, ratiba ya kukaa viti vya duara naifuta leo. Mawili yamebaki. Vidukari wakiingia kwenye sukuma nifanye nini bila kupuliza sumu karibu na wagonjwa? Na kuna wanachama wanataka tupande rosela na mlonge "kama dawa". Nikubali?

---

bwanashamba_moro

Vidukari: geuza jani, wako chini yake na kwenye kichomozo. Wakiwa wachache, wapondwe kwa vidole au waoshwe kwa maji ya nguvu asubuhi. Wakizidi, sabuni ya maji mililita 5 kwa lita 1, pulizia chini ya majani jioni, asubuhi suuza kwa maji. Ukizidisha sabuni majani yanababuka, kwa hiyo jaribu kwenye mche mmoja, subiri siku moja. Mbegu za muarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita 1, loweka usiku kucha, chuja, pulizia jioni hiyohiyo; jua linaua nguvu yake na dawa iliyolala siku mbili haifai. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wanawalinda vidukari kwa ajili ya utomvu wao. Weka majivu kuzunguka shina. Na punguza samadi, sukuma iliyozidishiwa naitrojeni ina majani laini ambayo vidukari wanayapenda.

---

nesi_wa_kliniki

Rosela na mlonge vipandwe kama chakula na kinywaji, na kila mtu aandikiwe kwenye karatasi yake. Rosela inashusha presha kidogo. Anayeinywa vikombe vingi juu ya vidonge vyake anaweza kupata kizunguzungu, kwa hiyo aanze na kikombe kimoja, bila sukari, na kliniki yake ijue. Mlonge unaweza kushusha sukari, hivyo anayechoma insulini asiongeze unga wake kimyakimya.

Kuna wengine wawili wa kutafuta kwenye kadi zao. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asile majani mengi ghafla wala kuyaacha ghafla. Vitamini K iliyomo inapingana na dawa, kwa hiyo kiasi kiwe kilekile kila wiki na amwambie daktari kabla programu haijaanza ili kipimo cha damu kifuatiliwe. Mwenye ugonjwa wa figo, hasa akiwa kwenye dawa za presha kama enalapril, losartan au spironolactone, potasiamu ya majani inaweza kumzidi. Huyo apewe kiasi na mtaalamu wake wa lishe, majani yachemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe, na asinunue ile chumvi mbadala ya dukani, maana nyingi zina potasiamu nyingi. Kama kati ya 12 wako hujui hali ya figo ya yeyote, omba wapime kriatinini, kipimo cha damu cha figo, sasa, wakati kitalu bado kinaota.